Awiti wa Chumba cha Saba

Tulimzika Nyar Rodi kisiwani Mfangano, kando ya kaburi la mumewe, na wasifu wake ukasomwa kwa kipaza sauti kilichokuwa kikikatika kila baada ya maneno matatu. Waliusoma vizuri hata hivyo. Walisema jinsi alivyoimba sauti ya pili kanisani tangu usichana wake, jinsi alivyoendesha lojing pale Suna, mjini Migori, bila kuuza tone la pombe, na jinsi alivyomsomesha binti yake wa pekee, Risper, kwa vyumba saba na jiko moja. Mimi nilisimama nyuma, ukingoni mwa turubai, nikisubiri wafike mwaka wa mvua ya Elnino. Hawakufika. Waliruka kutoka kifo cha mumewe hadi harusi ya Risper, watu wakaitikia amina, tukaendelea. Sikuwalaumu. Habari ya chumba cha saba tuliijua watu wanne tu. Wawili walikuwa wametangulia, na wa tatu ndiye huyo tuliyekuwa tukimfukia. Nilibaki mimi, na nakiri kwamba pale kaburini nilimkasirikia marehemu, maana ilikuwa tabia yake kuniachia kazi ngumu na yeye kwenda zake kanisani.

Baada ya chakula Risper alinifuata, sahani ya wali bado mkononi. "Aunty Boke," akasema, "kuna kitu. Nilikuwa nimempangia Mama safari ya Uganda mwezi wa sita, kuona gorila msituni. Alinisumbua nayo miaka mitatu, mtu ambaye hakutaka hata paka ndani ya nyumba. Hata vijana wa kumbeba kwa kiti huko mlimani nilishapata. Wenye safari wamesema wanaweza kubadilisha jina. Utakuja na mimi kwa nafasi yake?" Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Kisha nikaomba maji, na Risper akadhani ni jua.

Nilikotoka na walionizaa si kitu hapa. Inatosha kujua kwamba mwaka ule, tisini na saba, nilikuwa Mkuria wa miaka ishirini na miwili, mkaidi, niliyeajiriwa kupika na kutandika vitanda, na kwamba tajiri wangu alikuwa Mjaluo, mjane, Msabato wa kutoka Rodi Kopany, lile soko la barabara ya Homa Bay na Rongo. Nyar Rodi maana yake ni binti wa Rodi. Ndivyo wanavyomwita mwanamke aliyeolewa mbali na kwao. Kijaluo changu kilitosha kuombea chumvi, na Kikuria chake hakikuwepo kabisa, kwa hiyo tuliishi kwa Kiswahili, yeye akitia maneno ya kwao na mimi nikitia ubishi. Lojing ilikuwa vyumba vilivyozunguka ua wa saruji, bomba katikati, jiko la kuni mwishoni. Chumba cha saba kiligusana ukuta na jiko. Hakikukodishwa, tuliweka humo magodoro ya akiba na magunia ya mahindi, na mvua ilipoanza mwezi wa kumi ikakataa kuacha, kilikuwa ndicho chumba pekee chenye joto. Nguo za wageni nilizianika humo. Kila kitu mwaka ule kilinuka moshi na ukungu, na kila mtu alikuwa na kamasi.

Odira alifika asubuhi ya Alhamisi. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Nyar Rodi, mfanyabiashara wa samaki wa Mfangano, mcheshi, mwenye koti la kijivu na salamu kwa kila mtu, na ucheshi wenyewe ndio ulionitisha. Ploti ya lojing ilikuwa bado kwa jina la marehemu, na kwa desturi yao ndugu wa mume ndiye mwenye kumrithi mjane. Nyar Rodi alikataa kurithiwa, akisema kanisa lake haliruhusu. Odira hakukubali kukataliwa. Basi wakawa wanaamkiana kwa adabu, kila mmoja akimchunga mwenzake. Siku hiyo alibeba kreti la samaki lililofunikwa gunia. Alikuwa ametoka ng'ambo ya ziwa kwa boti, akapitia kwao kisiwani, akakwama nusu siku mbele ya Homa Bay kwa sababu gugumaji lilikuwa limeziba gati lote, akasukuma boti kwa mti hadi ufukweni. Yote hayo aliyasimulia akicheka, huku akiliingiza kreti chumba cha saba bila kuomba ruhusa.

"Shemeji, huyu ni mgeni wa siku mbili tu," akasema. "Kuna mtu anatoka Tanzania kumchukua. Mpeni ndizi. Mingine musiulize."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nikasema moyoni, nikalifunua gunia. Nilidhani ni nyani. Lakini nyani hana uso ule. Alikuwa mweusi, na juu ya makalio alikuwa na kishungi kidogo cha nywele nyeupe. Macho ya kahawia, kucha kama zangu, na kwenye kifundo cha mkono alama ya waya iliyokuwa imeanza kutoa usaha. Hakupiga kelele. Alishika ukingo wa gunia kwa ngumi mbili akauvuta ajifunike tena.

"Huyu ni nini?" nikauliza.

"Gorila. Wa Congo, ile Zaire ya juzi."

"Na mama yake?" Nyar Rodi akauliza kutoka mlangoni.

Odira akaweka kofia sawa. "Mama alikuwa mkali," akasema.

Siku mbili zikawa nne, na nne zikawa zaidi. Barabara ya Isebania ilikuwa chini ya maji. Mtu wa Tanzania alikuwa amekwama upande wa pili, na Odira kila asubuhi alikwenda kutazama mto, akarudi viatu vimejaa tope na kutuambia maji yameshuka kiasi gani. Sijawahi kuchukia habari njema namna ile. Aliyakaza maneno yake vizuri: mkisema kwa polisi, itakayofungwa ni nyumba hii, mimi ni mpita njia. Nyar Rodi aliketi na ungo wa mchele. Akauchagua, jiwe kwa jiwe. Nilitaka aseme kitu, hata neno moja la ukali alilokuwa akinipa mimi kila siku kwa sababu ya chai nyepesi. Leo naelewa kwamba mtu anayeweza kufukuzwa kwenye nyumba yake haongei ovyo, lakini wakati ule nilimwona mwoga, na nilimwonyesha kwa kugongagonga sufuria.

Mgeni wetu hakula ndizi. Tulimpa maziwa ya ng'ombe akaharisha. Tulimpa uji wa wimbi akaugeuzia uso. Siku ya nne alikuwa amelala chali juu ya magunia, akitazama dari, na Nyar Rodi akaingia akasimama juu yake kwa muda mrefu. "Huyu ameamua kwenda," akasema. "Nawajua. Wangu watatu walienda hivi." Ndipo akanieleza jambo ambalo sikulijua, ingawa tuliishi pamoja mwaka na nusu. Kwa Wajaluo, mwanamke ambaye watoto wake wanakufa, akizaa tena, mtoto hutupwa. Hutolewa nje akalazwa njiani au penye takataka kana kwamba hatakiwi, na mwanamke mwingine, aliyeambiwa mapema, hupita akamwokota na kumrudisha nyumbani kama kitu alichokikuta tu. Wa kike huitwa Awiti, aliyetupwa. Mauti hudanganyika, hayamtafuti tena. "Risper ni Awiti," akasema. "Nilimtupa, na yuko bweni sasa, ananiandikia barua za kuomba viatu."

"Lakini wewe ni mtu wa kanisa," nikasema.

"Boke, siku hiyo nilikuwa mama. Chukua leso."

Hivyo nikamtazama mjane wa miaka karibu hamsini akivuka ua mchana wa mvua, mtoto wa gorila mikononi, akamlaza kwenye majivu nyuma ya choo na kuondoka bila kugeuka. Nikapita kama nilivyoelekezwa. Nikasema kwa sauti, nikijiona mjinga: "Nimeokota mtoto. Ni wa nani?" Nikainama. Mkono ule wenye kidonda ukashika kola ya gauni langu, kisha wa pili, kisha miguu ikanizunguka kiunoni, na akaficha uso shingoni pangu akatoa sauti ndogo, hm, hm, kama mtu anayekubali jambo. Sitaficha: nilimpenda pale pale. Nyar Rodi alikuwa amesimama mlango wa jiko, leso mdomoni. Nilipomfikia nikamkabidhi, naye akampokea, akashukuru kwa Kijaluo kama inavyotakiwa, "Ero kamano, mwokotaji," na mtoto akakataa kuniachia.

Kwetu mtoto aliyeachishwa kunyonya mapema hutafuniwa. Bibi yangu alinitafunia mimi, na mimi niliwatafunia wadogo zangu: kiazi kitamu cha kuchoma, unakisaga mdomoni mpaka kiwe laini na kitamu, unakitoa kwa ncha ya ulimi au kidole unampa. Ni chakula cha heshima. Mtu hamtafunii mtoto asiyempenda. Basi nikamtafunia Awiti viazi, na majani machanga ya viazi, na osuga mbichi, mnavu wa Wajaluo, na akafungua kinywa. Alikula. Alikula asubuhi, akala mchana, akaanza kunivuta kidevu ili aone kama nimebakiza. Kwa siku tisa nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mjini Migori, na nilikuwa natafuna huku navuta kamasi, kwa sababu mafua yalikuwa yamenikaa tangu mvua kuanza na hakuna aliyeyahesabu kuwa ugonjwa. Alasiri Nyar Rodi alikuwa akiingia, akikaa kwenye gunia na Awiti mapajani, uso kwa uso, akimwimbia nyimbo za kanisani kwa sauti ya pili iliyokuwa imekwaruza kwa kikohozi. Ilikuwa sauti ya pili bila ya kwanza, na Awiti aliifuata kwa macho. Nje Odira alikuwa akipita na kutuuliza kupitia mlango, "Mzigo uko salama?" na sisi sote wawili tulikuwa tukijibu kwa pamoja kwamba uko salama.

Wageni walikula chumba cha mbele, mezani penye kitambaa cha plastiki cha maua. Chumba cha tatu alikaa Bwana Onditi, afisa wa mifugo ambaye kazi yake ilikuwa mbung'o wa bonde la Lambwe, huko Homa Bay, naye alikuwa ameletwa Migori kwa miezi michache na Land Rover ya ofisi. Mtu mkimya, mla taratibu. Jumatano moja ya wiki ya tatu nilikuwa napakua ugali na omena nikamsikia akimwambia Nyar Rodi, bila kuinua macho, "Mama, kuna mtoto anakohoa chumba cha saba. Ni wa nani?" Kijiko kilinisimama hewani. Odira alikuwa ameketi meza ile ile. Nyar Rodi akamwaga mchuzi polepole hadi bakuli likajaa, akasema, "Ni wa Boke." Sikuwa na mume wala mchumba. Wanaume wote mezani wakanitazama tumbo, na nikauma meno. Odira akacheka, akasema wasichana wa siku hizi, na hatari ikapita kwa kunikanyaga mimi.

Ni kweli alikuwa anakohoa. Tangu Jumatatu. Nilijiambia ni moshi wa jiko. Alhamisi asubuhi, Odira akiwa mtoni, Onditi alikuja mlango wa jiko na kikombe chake kitupu. "Boke, mtoto wako ana miezi mingapi?" akauliza. Nilichukua kikombe chake nikakijaza chai. "Kuna watoto wanakohoa hivi, na kuna wanyama wanakohoa hivi. Mimi nimesikia wanyama maisha yangu yote. Nifungulie." Nyar Rodi alikuwa bombani. Alimtazama, akanitazama, akakausha mikono kwenye aproni, akatoa ufunguo kifuani.

Onditi hakumgusa. Alichuchumaa mbali kidogo, akasikiliza pumzi, akatazama pua, akaondoka tukamfuata jikoni. Hapo kwenye meza ya kukatia mboga alichora kwa mkaa, na nilijifunza kwa robo saa zaidi ya nilivyojifunza kwa miaka minne ya sekondari. Akachora msitu, akaugawa. Kuna gorila wa milimani, wenye manyoya marefu, na hao wamebaki katika vilele vichache tu. Kuna wa mabondeni, wa magharibi na wa mashariki, na huyu alifikiri ni wa mashariki, kutoka misitu ile ya Congo iliyojaa vita. "Watu wanakata msitu, wanatega waya ya kushika swala, yeye anaingia mkono. Askari wana njaa, wanakula. Na hawa hawazai kama panya. Mama anazaa mmoja, anakaa naye miaka tatu, minne, ndio apate mwingine. Sasa wewe unataka mmoja mdogo wa kuuza. Mama hatakupa, unamuua. Baba anakuja kutetea, unamuua. Jamii yote imeisha kwa sababu ya kreti moja." Nyar Rodi alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Na kuna hii ingine," Onditi akasema, sasa kwa upole. "Mwili yao na yetu ni majirani sana. Homa yako ni siku tatu na chai ya tangawizi. Kwake ni nimonia. Hapa nani ako na mafua?"

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Nilifuta pua kwa mgongo wa mkono nikasema, "Ni baridi tu." Nyar Rodi aligeukia jiko akainama akichochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa.

"Na unamlisha aje?"

"Namtafunia," nikasema.

Onditi alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Hakunilaumu, na laiti angenilaumu. Alisema kule Lambwe kuna maaskari wa wanyama wenye redio, wanaweza kumwita daktari wa Nairobi. Akipata dawa mapema ana nafasi. Alisema kama kweli ni baridi tu, angeweza kumpeleka Jumamosi, kwa sababu Ijumaa gari lilikuwa na safari ya ofisi. Kisha akasema niendelee kumlisha, lakini kwa kisu na kijiko, na nifunge pua. Nilifanya hivyo. Awiti alikitazama kijiko, akanivuta kitambaa usoni, akanifungulia kinywa. Nikamsukuma mkono. Akanivuta tena. Siku nzima hiyo nilikuwa nikimsukuma mkono na kulia, na alikula kidogo sana.

Ijumaa mchana, tukipika chakula cha Sabato, maana Jumamosi moto hauwashwi, Odira aliingia na viatu vikavu. Nilivitazama vile viatu kabla ya kumtazama yeye. "Lori imepita leo," akasema. "Kesho saa sita mtu wangu ako hapa." Akavuta kiti, akakiweka uani, mbele kabisa ya chumba cha saba, akakaa. Alikaa hadi giza lilipoingia, usiku gari lisingethubutu mafuriko yale, na asubuhi ya Sabato nilipofungua dirisha alikuwa hapo tena, koti la kijivu, akichokoa meno. Ndani ya Land Rover Onditi alikuwa akijifanya kusoma karatasi. Saa mbili ikapita. Kupitia ukuta nilisikia kifua cha Awiti kikikoroma. Nyar Rodi alitoka chumbani mwake amevaa gauni jeupe na kitambaa cha kichwa, Biblia kwapani, na moyo wangu ukamlaani, nikasema ndiye huyo, anaenda zake kuimba.

Alisimama mbele ya Odira. Alisubiri hadi jirani wa upande wa pili, aliyekuwa akianika nguo, atazame. "Shemeji," akasema, na sauti yake ilikuwa tulivu, "leo hutanisindikiza kanisani?"

Odira alitoa kijiti mdomoni. Miaka miwili alikuwa ameomba jambo hilo hilo kwa njia zote. Mjane akitembea hadharani na ndugu wa mumewe, hadi kanisani kwake, mbele ya Suna nzima, hakuna tangazo linalobaki. Alimtazama usoni kuona kama ni mchezo, na kweli ulikuwa mchezo, lakini mtu aliyengoja kitu muda mrefu hapendi kukichunguza sana kinapomfikia. Alitazama saa yake. Alitazama kufuli ya chumba cha saba, ambayo nilikuwa nimeirudisha kwenye komeo bila kuibana. Akasimama, akakunguta koti. Walitoka langoni bega kwa bega, na kabla ya kupinda Nyar Rodi alikohoa mara moja, akanyoosha mgongo, akatembea polepole kama bibi harusi. Sijaona ujasiri mkubwa kuliko ule tangu siku hiyo, na mimi nimefanya kazi wodi ya uzazi.

Tulipita Rongo saa tatu na nusu. Awiti alikuwa kifuani kwangu ndani ya leso, na mimi nimejifunga kitambaa puani, nimegeuza uso dirishani ili nisimpumulie, na kila nilipougeuza yeye aliutafuta kwa mkono. Pumzi zake zilikuwa fupi na za haraka. Onditi aliendesha bila kuzungumza, akipiga jicho kwenye kioo kuona kama tunafuatwa. Tulipofika Rodi Kopany magari yalikuwa yamejipanga sokoni. Mbele yetu maji yalikuwa yamebeba kalvati, na vijana walikuwa wakijaza mawe. Onditi alishuka akaomba, akaonyesha kitambulisho cha ofisi, akaingia majini hadi magotini akabeba mawe na wenzake. Homa Bay ilikuwa karibu, karibu kabisa. Nilihesabu pumzi. Kuna wakati nilikuwa nimefika kumi na tisa, nikasubiri ishirini, na mkono ulionishika kola ukalegea. Nilivua kitambaa usoni, kwa sababu hakikuwa na kazi tena, nikaweka shavu langu kichwani pake.

Kwa kina Nyar Rodi palikuwa hapo nyuma ya soko. Mama yake, bibi kizee mwenye mguu mbovu, alitokea mlangoni akaniona na mzigo kwenye leso. "Ni mtoto wa nani?" akauliza kwa Kiswahili cha kubahatisha. Nikamwambia, "Ni wa Nyar Rodi. Mimi niliokota tu." Alifunua ncha ya leso, akauona mkono. Hakuuliza tena. Aliingia ndani akaleta jembe, na Onditi akachimba kando ya mkonge, mahali ambapo maji hayakusimama.

Nilirudi Suna siku ya pili. Odira alikuwa ameondoka na hasira zake, alikuwa amemkuta mtu wake wa Tanzania akingoja mbele ya chumba kitupu, akamgeukia Nyar Rodi, naye akamjibu mbele ya majirani, "Mimi nilikuwa na wewe kanisani, benchi moja. Niulize mahubiri." Ilimchukua Nyar Rodi mwaka mzima na wazee wa kanisa kulifuta jambo lile la kusindikizwa, na ploti akabaki nayo. Lakini siku hiyo alinisubiri mlango wa jiko, mikono mbele, kwa sababu kwa desturi aliyeokota hurudisha. Nikamwambia nimemwacha kwao Rodi, kando ya mkonge wa mama yake. Alikaa chini sakafuni. Nikamwambia ni baridi ya njiani. Hakuuliza, na mimi sikusema, na hivyo tukaishi miaka zaidi ya ishirini tukitembeleana, tukila samaki, tukitaja kila kitu isipokuwa kile kimoja. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliyaficha kwa neno moja, jikoni, mbele ya mtu aliyeweza kusaidia siku mbili mapema. Ndiyo sababu niliomba shule ya uuguzi mwaka uliofuata, ndiyo sababu kina mama wa kliniki hunicheka ninavyokuwa mkali kuhusu kikohozi na vijiko. Wanasema Sista Boke anaogopa kamasi kuliko simba.

Uganda, mwezi wa sita, tulipangwa mstari alfajiri mbele ya kibanda, ukungu umekaa juu ya miti. Nilikuwa nimeamka na mwasho kooni. Kitu kidogo, cha usafiri na vumbi. Mwongozaji, kijana mwenye buti za mpira, aligawa barakoa akaeleza umbali wa kusimama, akamaliza kwa swali, na aliuliza kwa Kiswahili kwa ajili yetu: "Kuna mtu ana mafua au kikohozi leo?" Watu walitikisa vichwa. Nilikuwa na barakoa mkononi. Nilifikiria Nyar Rodi aliyengoja miaka mitatu, na nafasi yake niliyoishika. Nikainua mkono.

"Aunty," Risper akanong'ona, "ni koo tu. Hakuna mtu atajua."

"Nenda wewe."

Alinitazama vibaya kidogo, kisha uso wake ukabadilika. "Mama naye alisema hivyo. Aliniapisha: ukiniona na mafua siku hiyo, unizuie hata nikikutukana. Alisema aliwahi kuua mtoto kwa mafua yake, kwa kumwimbia karibu na uso. Nilifikiri anasema ndugu zangu wale watatu."

Wakaenda. Nilikaa kwenye benchi la kibanda tangu asubuhi hiyo hadi saa nane, na sijui nilifikiria nini kwa mpangilio. Niliiona tu migongo miwili jikoni, mmoja ukifuta pua, mwingine ukichochea kuni, na swali la Onditi likiwa limesimama katikati yetu. Nilimlilia Nyar Rodi siku hiyo kuliko nilivyomlilia kaburini. Kama ningesema neno moja, angalau tungegawana mzigo huo.

Risper alirudi ametapakaa tope, akicheka na kulia kwa pamoja. Alikuwa amemwona jike, na mgongoni mwake mtoto mdogo, mweusi, mwenye kishungi cheupe nyuma.

"Alikuwa anakohoa?" nikauliza.

"Nani?"

"Mtoto."

"Hapana. Alikuwa anatafuna jani."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe, Aunty. Kwa nini?"

Nikamwonyesha upande wa pili wa benchi, mbali na kikohozi changu, nikamwambia akae nimweleze habari za Awiti mwingine.